Meza Iliyopigwa Mnyororo

Owor alitoka Tororo mjini akisukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga meza mpya, miguu yake minne ikitazama mbinguni kama mbuzi aliyekufa kwa aibu. Kila aliyekutana naye alikuwa na neno. Hiyo ndiyo taabu ya kubeba kitu kikubwa katika nchi ya watu wenye adabu: ni lazima wakusalimie, na wakishakusalimia wanaona ni haki yao kukuuliza.

"Meza ya nani hiyo, mzee?"

"Yangu."

"Umeoa?"

"Sijaoa."

"Sasa utakula na nani?"

Owor alicheka, akaendelea kusukuma. Mtu hawezi kusimama njiani kumweleza kila mpita njia kwamba swali hilohilo ndilo lililompeleka dukani.

Miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi kwenye shamba la Mzungu mmoja nje ya Kitale. Kenya ilipopata Uhuru, Mzungu akauza shamba akaenda kwao. Mbwa zake walipanda meli, mpishi akapanda basi. Owor alirudi kwao Kiyeyi, Uganda, na sanduku moja, visu vitatu na kofia ambayo haikuwa yake. Nyumbani alikuta nyasi. Apendi, mkewe, alikuwa amekwisha kuzikwa miaka mitano, na Owor alikuwa amepewa siku mbili tu za kuja kumzika. Mtoto wao mmoja, Ogwang, aliyemwacha akitambaa, sasa alikuwa mwanamume mwenye ndevu, fundi wa baiskeli Busia upande wa Kenya, ana mke na watoto watatu.

Ogwang hakuwa mtoto mbaya. Mara mbili kwa mwaka alikuja, akaketi kwenye ncha ya kigoda kama mtu aliyeambiwa kigoda ni kibovu, akauliza habari za afya, za mvua, za ng'ombe. Kisha akatazama jua. Mazungumzo yao yalikuwa kama kisima cha kiangazi: unashusha ndoo, unasikia tu inavyogonga mawe. Mkewe, Akurut, msichana wa Kiteso, Owor alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali, amepiga magoti uani, ameinamisha kichwa.

Sasa, Owor alikuwa ameyaona mengi ya Wazungu, na mengi hakuyataka. Lakini kule shambani kulikuwa na meza. Haikuwa ya kifahari. Ilikuwa ya mbao nene zisizo na rangi, zimekatwakatwa na visu, zimesuguliwa mchanga mpaka zikapauka. Jumapili waliketi wote hapo, mzee na mkewe, mwana wao na mke wa mwana, na vitoto, wakigombana, wakinyang'anyana mkate. Kelele zao zilimfikia Owor jikoni. Alikuwa akijiambia: hawa watu hawana kitu kingine kinachowashika pamoja, ni hii meza tu. Siku moja na mimi.

Ndiyo maana mwaka ule, elfu moja mia tisa sitini na tano, aliandika barua Busia. Njooni Krismasi, wewe, mkeo na watoto, mle kwangu. Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva wa basi: tutakuja. Owor hakuwa akiomba mambo makubwa. Mlo mmoja tu, meza moja, wote. Baada ya hapo Mungu akitaka kumchukua, amchukue ameshiba.

Lakini meza aliyoweza kuipata dukani haikuwa ile ya Kitale. Uso wake ulikuwa plaiwudi nyembamba iliyopakwa vanishi nyekundu mpaka ikang'aa kama kipara cha padri. Miguu ilikuwa ya kuonea huruma. Wangeketi hapo watu wanne, kama wote wanne wangekubali wasipumue. Owor alihesabu watu saba, pamoja na Abbo, mjane wa ndugu yake, aliyekaa boma la pili na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu. Kwa hiyo akapitia Rubongi kwa Erisa, fundi seremala.

Erisa aliizunguka ile meza mara mbili, mikono nyuma, kama daktari wa ng'ombe.

"Hii si meza," alisema. "Hii sanduku ya chai imesimama."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka iwe ndefu. Iwe nene. Ionekane ya zamani, ya shamba."

"Ya zamani?"

"Kama imelisha watu miaka hamsini."

Erisa akaweka chini penseli yake. "Sikiliza, mzee. Watu naleta kwangu kitu mzee, mimi nafanya mpya. Wewe nanunua kitu mpya, nataka mimi nafanya mzee. Hii kazi yako inakwenda kinyumenyume. Wewe hukuanguka na baiskeli njiani?"

"Sikuanguka."

"Basi ngoja utaanguka. Kichwa imetangulia."

Lakini alikuwa na mbao. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na lori lililokufa, na sakafu ya bodi yake ilikuwa ya mvule, imebeba pamba na mawe na askari na ng'ombe, ina mikwaruzo ya kila shehena iliyowahi kuburutwa juu yake. Owor aliipitishia kiganja. Akachukua mbao tano, na nyingine nyembamba za kuongezea. Mara mbili Erisa alimfuata Kiyeyi na sanduku lake la vyombo, kwa sababu, alisema, hajawahi kuona mtu akiwa wazimu kwa mpango mzuri namna hiyo.

Wakang'oa ile plaiwudi. Wakabaki na kiunzi kitupu na miguu yake ya korongo. Kiunzi wakakirefusha kwa mbao mbili ndefu za ubavuni, wakazishika kwa gundi na skrubu. Kila mguu ukavishwa mbao nne, mbele na nyuma, kushoto na kulia, mpaka ule mwembamba wa dukani ukapotea ndani kama mtoto ndani ya koti la babake. Chini, kati ya mguu na mguu, wakapitisha ubao mmoja wa kuwekea nyayo, maana Owor alikumbuka kwamba kule Kitale ubao huo ulikuwa umelika katikati. Juu zikalala zile mbao tano za lori. Matundu ya bolti wakayaziba kwa vigingi vya mti. Randa ilipita kidogo tu, kwa heshima, isifute makovu. Vanishi iliyobaki ubavuni Owor aliikwangua kwa kipande cha chupa, siku tatu, mpaka vidole vikafa ganzi.

Ilibaki shida moja. Juu kulikuwa kuzee, na miguu ilikuwa mipya. Meza ilifanana na bibi kizee aliyevaa viatu vya shule.

Ndipo Owor akatoa mnyororo mkuukuu wa baiskeli, akailaza meza ubavu katikati ya nyumba yake, mlango wazi, akaanza kuichapa miguu. Chwa! Chwa! Mbao zikapata vishimo na michubuko kama alivyotaka. Abbo alifika anakimbia, unga wa wimbi mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji! Nani yuko humo?"

"Ni meza."

"Imekukosea nini?"

"Naifanya izeeke."

Abbo akamtazama. Akaitazama meza. "Ungeioa tu," alisema. "Ingezeeka yenyewe."

Akarudi kwenye unga wake. Kufikia jioni Kiyeyi nzima ilijua kwamba mpishi wa Wazungu anaipiga meza yake, na kuna waliosema ndiyo maana hakuoa tena, ni bora aonee mbao. Owor aliyasikia, akacheka nao. Alikuwa amejifunza zamani kwamba kicheko cha watu ni kama mvua: usipokuwa na mwavuli, cheza ndani yake.

Mwisho akayeyusha nta ya nyuki ndani ya mafuta ya simsim, akaisugua kwa kitambaa, mara moja, mara mbili, mara tano. Mvule ukanywa. Rangi ikatoka polepole, kahawia ya udongo uliolowa. Nyumba ikanuka simsim.

Ile siku alipomaliza, akaweka benchi tatu alizozipigia misumari mwenyewe, moja huku, moja kule, moja fupi mwisho, na kiti kichwani pa meza. Jua lilikuwa linaingia mlangoni kwa chini. Akaketi kichwani. Kisha akahamia mahali pa Ogwang, aone Ogwang ataona nini. Akahamia kwa watoto, akajikunja awe mfupi. Akaenda kwa Abbo. Akaketi mahali pa Akurut, akatazama kile kiti cha kichwani. Kilikuwa kitupu, na kilionekana kitupu zaidi kutoka pale. Akaondoka haraka, akaenda kuwatazama kuku.

Asubuhi ya Krismasi alipika. Si kidogo. Kuku wawili wa kubanika kwa siagi na vitunguu, viazi vya kuoka kwenye sufuria iliyofunikwa makaa juu, mchuzi wa karanga, na ugali wa wimbi kwa sababu hata mpishi wa Wazungu ana tumbo la kwao. Abbo alipotoka kanisani akamkuta amejifunga kitambaa kiunoni, akashika mlango.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Napika."

"Wewe, baba mkwe, upike, mke wa mwanao ale?"

"Nimepika miaka ishirini na miwili, Abbo."

"Umewapikia Wazungu. Hao hawana aibu. Huyu ni mtoto wa watu! Kwao wakisikia watakuja kumchukua." Akamnyang'anya mwiko. "Sikia. Chakula hiki nimepika mimi. Akiuliza mtu, ni mimi. Umesikia?"

"Lakini—"

"Ni mimi, shemeji. Toa hicho kitambaa."

Owor akakitoa. Neno moja hakusema Abbo, na hakulisema kwa sababu alidhani Owor analijua. Alidhani meza ile ni ya Owor na Ogwang na wazee wa kanisa. Erisa alidhani ni ya wanaume wa kunywa chai. Kiyeyi nzima ilicheka juu ya mnyororo, hakuna aliyeuliza nani atakaa wapi. Jambo ambalo kila mtoto wa kule analijua haliulizwi.

Walifika saa saba, vumbi mpaka kwenye kope. Ogwang mbele na kikapu, watoto watatu katikati, Akurut nyuma amefunga leso kichwani. Akapiga magoti mbali, uani, uso chini, akasalimu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini. Owor akamwitikia. Kisha akafungua mlango wa nyumba yake wote, akaunyoosha mkono kama alivyoona ikifanywa Kitale.

"Karibuni! Ingieni wote. Ogwang, mama watoto, ingieni. Chakula kiko mezani."

Hakuna aliyeondoka mahali pake.

Akurut alizidi kuinama. Ogwang alikitazama kichaka kama kichaka kimemwita. Abbo, nyuma ya nyumba na bakuli mkononi, alijiziba mdomo kwa mkono wa pili.

Na hapo, mkono bado umenyooka hewani, Owor akakumbuka. Au tuseme akajua, maana hajawahi kuishi karibu na mkwe wa kumfanya akumbuke. Mke wa mwana haingii nyumba anayolala baba mkwe wake. Wala hali chakula mbele ya macho yake, wala baba mkwe hali mbele ya macho yake yeye. Hata akifa njaa. Si chuki. Ni heshima, kubwa kuliko meza yoyote. Babake Owor alikufa hajamwona Apendi akitafuna hata punje ya karanga.

Mwezi mzima alikuwa amekwangua, amepiga misumari, amechapa mnyororo, kumtengenezea Akurut mahali ambapo Akurut hawezi kukaa.

"Mimi nitakula kule jikoni na watoto," Akurut alisema taratibu, akiiambia ardhi. "Haina neno."

"Tutakula jikoni," Ogwang akasema upesi. "Mzee atakula hapa."

Owor akageuka akaitazama meza kupitia mlango. Sahani saba. Alifikiria kuketi pale kichwani peke yake na kuku wawili.

"Shemeji," Abbo akaita. Mara ile hakuwa na utani. "Anayekataza ni nyumba. Na wewe. Meza haina kosa. Itoeni nje."

"Na mimi?"

Abbo aliingia ndani. Akaanza kuondoa sahani.

Owor akashika upande mmoja, Ogwang akashika mwingine. Ilikuwa nzito kama deni la marehemu. Wakaiinamisha, wakaipitisha miguu kwanza, hatua kwa hatua, Ogwang akirudi nyuma. Mara ya mwisho wawili hao kushika kitu kizito pamoja ilikuwa jeneza la Apendi, na kila mmoja aliona kwamba mwenzake amekumbuka, maana wote waliangalia pembeni.

Wakaiweka kivulini, ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha. Kiti na benchi vikafuata, isipokuwa ile benchi fupi ya mwisho, ambayo Owor aliirudisha ndani.

"Wewe kaa na watu wako," alimwambia Ogwang. "Usiwaache."

Akaingia, akafunga mlango, akasogeza kibao cha dirisha mpaka ukabaki ufa wa kupitisha sauti. Abbo akamletea sahani yake, akaenda kuketi na wenzake. Chumbani palikuwa pakubwa. Kwenye sakafu ya udongo na samadi zilibaki alama nne za mraba. Owor akaketi kwenye benchi fupi, sahani magotini, akala tonge moja, akasikiliza.

Kwanza vijiko. Kisha mtoto mmoja akauliza kwa nini meza ina mashimo, na mwingine akasema imepigwa risasi. Benchi zikalia. Halafu sauti ya Akurut, juu kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye mezani, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao:

"Baba Amulen, mwulize baba, hii meza ameipata wapi?"

Ogwang akakohoa. Upande mmoja wa ukuta yuko mkewe, upande wa pili yuko babake, na katikati ya hao hakuna mwingine wa kubeba maneno.

"Mzee," alisema kwenye ufa. "Anauliza meza umeipata wapi."

"Mwambie ni ya dukani. Miguu iko ndani ya miguu."

"Anasema miguu iko ndani ya miguu."

"Mwulize ni kweli aliichapa?"

"Mzee, ni kweli uliichapa?"

"Kwa mnyororo wa baiskeli."

"Mnyororo gani?" Hilo Ogwang hakutumwa. Lilitoka lenyewe, kwa ufundi.

"Wa ile yangu ya zamani. Ulikuwa umerefuka, unaruka meno."

"Ungenipa mimi. Ningeukata pini mbili."

"Ningeichapa na nini basi?"

Nje mtu akacheka, na hakuwa Abbo. Kicheko kile kikakatwa haraka na mkono, lakini kilikuwa kimekwisha kutoka. Owor akakaa wima kwenye benchi yake.

Wakaendelea hivyo. Akurut anauliza, Ogwang anabeba, Owor anajibu, Ogwang anarudisha. Kitale kuna baridi namna gani? Ni kweli kule wanakula jibini inayonuka? Ng'ombe mweupe amezaa? Ogwang, mwenye maneno ya kupima kwa kijiko, alisema na babake mchana ule maneno mengi kuliko yote tangu aote meno.

"Mwambie baba," Akurut alisema tena, "Mama Abbo anajua kupika. Kuku kama huyu sijamla hata kwa harusi."

Ogwang akausogelea ufa. "Mzee, anasema Mama Abbo anajua kupika."

Owor alishika sahani kwa mikono miwili. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyemletea neno hilo jikoni, na leo limekuja limebebwa na mwanawe mwenyewe, likapewa Abbo.

"Anajua," alijibu. "Mwambie asante. Yaani, Abbo anasema asante."

"Nimesikia!" Abbo akapaza sauti. "Ni kazi ndogo tu!"

Akurut akauliza moja la mwisho. Alikuwa ameanza kuzoea, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Mwulize baba, huko Kitale alikuwa akila na nani?"

Ogwang alifikisha swali. Owor akalifikiria, maana lilikuwa limeulizwa kwa wema.

"Nilikuwa nakula nimesimama," alisema. "Baada yao. Karibu na jiko."

Akangoja Ogwang alirudishe nje. Ogwang hakulirudisha. Kule mezani watoto walikuwa wakigombania shingo ya kuku, Abbo akiwaamua. Benchi moja ikalia kama mtu ameondoka. Owor akasikia nyayo zinazunguka nyumba, kisha mlango ukafunguka, na Ogwang akaingia na sahani yake.

"Nilikwambia ukae na watu wako."

"Wamekaa."

Akaketi kwenye benchi fupi. Si kwenye ncha. Benchi yenyewe ilikuwa ndogo, mabega yao yakagusana. Wakala, sahani magotini, mbele yao zile alama nne tupu sakafuni. Nje Akurut, ambaye sasa hakuwa na wa kumbebea maneno, alikuwa akiwasimulia watoto jambo, nao wakicheka.

"Mama Abbo," Ogwang alisema baadaye, akinyonya mfupa, "huunguza hata maji."

Owor akageuza mfupa kwenye sahani yake.

"Nilipokuwa mdogo ulikuja likizo ukapika kuku. Mama akafunga mlango, watu wasikuone."

"Unakumbuka?"

"Chumvi ilizidi."

"Na leo?"

Ogwang akaonja tena, polepole, kama mtu anayetafuta tundu kwenye tyubu. "Leo pia imezidi kidogo."

Owor akachukua kipande, akakitafuna. Haikuwa imezidi.

"Imezidi," alisema.